Koreshi Hakuwa Mlokole

Somo: Isaya 45:1–7

Siku hizi simu zetu zimejaa mahubiri kutoka Marekani, na mengi yanasisitiza kwamba waasisi wa taifa lile walikuwa wacha Mungu walioandika Katiba huku Biblia iko mezani. Wengine wanabisha: wale hawakuwa na dini yoyote. Mimi naona wote wanagombea mioyo ya marehemu.

Mtazameni Thomas Jefferson. Tangazo la Uhuru aliloliandika mwaka 1776 linasema haki za binadamu zimetoka kwa Muumba. Uzeeni mtu huyohuyo alichukua wembe akazikata Injili, akabandika mafundisho ya Yesu kwenye kitabu chake na kuiacha miujiza. Kitabu kinaishia kaburini: jiwe linavingirishwa, watu wanaondoka. Pasaka haimo. (Na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, jambo linalonisumbua kuliko wembe.)

Katiba ya 1787 nayo haimtaji Mungu, ila kwenye tarehe tu: mwaka wa Bwana wetu. Kifungu cha 6 kinakataza kumpima kiongozi kwa dini yake.

Hayo hayakuwa matakwa ya wasioamini peke yao. Kabla ya uhuru, huko Virginia, wahubiri wa Kibaptisti walifungwa kwa kuhubiri bila kibali, na kanisa la serikali lilikuwa la Wakristo wenzao, Waanglikana. Wengine waliendelea kuhubiri dirishani, nyuma ya nondo za gereza. Mwaka 1774 kijana James Madison alimwandikia rafiki yake kwa hasira juu ya wafungwa wa namna hiyo. Baadaye ndiye aliyeandaa marekebisho ya 1791 yanayoizuia serikali kuu kuanzisha dini. Wabaptisti, watu wa magoti, walikuwa mstari wa mbele kuyadai.

Ndipo namkumbuka Koreshi, mfalme wa Uajemi. Isaya anamwita mpakwa mafuta, na papo hapo Mungu anasema, mara mbili, kwamba mfalme huyo hakumjua. Silinda ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 inamwonyesha akimshukuru Marduki kwa ushindi wake. Katika Ezra, amri yake ya kuwaruhusu Wayahudi kurudi kwao inamtaja Bwana. Mwanasiasa hasa: kila watu aliwatajia mungu wao. Lakini Wayahudi hawakumfanyia mtihani wa katekisimu. Walipokea vyombo vya hekalu, vikahesabiwa, 5,400, wakafunga safari ya Yerusalemu.