Adabu za Ndoa Saratani ya Titi Ikiingia Nyumbani

Saratani ya titi humpata mmoja, ila uuguzi wake ni wa wawili. Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Dowa, nchini Malawi, mwaka 1994, ina kituo cha afya. Lakini kwa upasuaji na dawa za kemo, mgonjwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Adabu za ndoa huanzia safarini humo.

Ya kwanza ni kuongozana. Hospitalini hutawala Kichewa na Kiingereza, hali wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi wamezoea Kiswahili. Mume akiwa ndiye mkalimani, afikishe kila neno, hata lililo zito. Kumficha mke habari za mwili wake ni kumnyang'anya uamuzi. Mtoto asitwishwe ukalimani wa mambo ya siri ya mama yake.

Ya pili ni kuchunga ulimi. Saratani haiambukizi, si kwa kulala pamoja wala kwa kula sahani moja. Ni juu ya mume kuwaeleza hayo mama yake na mawifi, kabla maneno ya kurogwa hayajafika bombani.

Ya tatu ni kupokezana kazi. Kemo huleta kichefuchefu na uchovu, na wiki za mwanzo baada ya titi kuondolewa, mkono wa upande huo haufai kubeba ndoo. Mume achote maji na kuwasha jiko bila kungoja kuombwa.

Ya nne ni adabu ya faragha. Mke akijifunika kovu lake kwa kitenge, asilazimishwe kulionyesha. Mume naye asihamie mkeka mwingine kimyakimya, maana ukimya huo utamuuma mke kama kuchukiwa. Mke aseme panapouma: dawa nyingine hukausha uke, na muuguzi ana ushauri. Wakati wa kemo, mimba izuiwe kwa kondomu, si kwa vidonge vya homoni.

Wanaume wachache nao hupata saratani hii, na wanastahili stara ile ile kutoka kwa wake zao.

Baada ya kemo, wagonjwa wengine humeza kidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Nywele zikisharudi, majirani husahau ugonjwa, mwenzi asisahau.