Msinunue Lango kwa Kutazama Bei

Ndugu zangu mnaokaa kwenye kamati za manunuzi, nisikilizeni kabla hamjatia saini. Bahasha tatu ziko mezani, kila moja ina profoma ya VPN ya ofisi: leseni za watumiaji 50, kasi ya kutosha, nembo inayong'aa. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi. Mwenyekiti analowesha kidole, anaruka kurasa zote, anafika ya mwisho, anasoma jumla pamoja na VAT. "Huyu wa pili ana nafuu." Dakika 10, kikao kimekwisha. Na katika dakika hizo 10 mmeamua ni nani atakayeweza kuingia kwenye vitabu vyenu vya hesabu, mafaili ya wafanyakazi na siri za wateja usiku wa manane.

Jamani, hilo ni lango! Tawi la Mwanza linapofungua hesabu zilizoko Dar es Salaam, data hupita kwenye njia iliyofichwa, na njia hiyo huishia kwenye kifaa kimoja kinachotazamana na intaneti nzima usiku na mchana. Kila mwizi duniani anaweza kukipigia hodi. Mtu hamwajiri mlinzi wa getini kwa sababu tu sare yake ni ya bei rahisi!

Tazameni mwaka 2024 peke yake. Tarehe 10 Januari, Ivanti walitangaza kwamba lango lao la Connect Secure lina matundu mawili na wadukuzi wameshaanza kupita. Dawa ya muda waliitoa siku ileile, lakini viraka vyenyewe vya kwanza vilitoka tarehe 31. Siku 21! Na siku hiyohiyo CISA, shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, likaziamuru idara za serikali kuu kuvichomoa vifaa hivyo ndani ya saa 48. Tarehe 12 Aprili ikawa zamu ya Palo Alto Networks, tundu kwenye GlobalProtect, VPN yao. Viraka vya kwanza vikatoka tarehe 14. Mei ikawa Check Point. Hayo ni majina makubwa yote. Anayewaambia lango lake halitoboki, mrudishieni bahasha yake akiwa bado amesimama mlangoni. Mnayemtaka ni yule anayeweza kuwaonyesha kwa maandishi: tulitobolewa siku fulani, tukasema siku fulani, tukaziba siku fulani. Siku 2 kwa siku 21. Hiyo safu iko wapi kwenye jedwali lenu la kulinganisha?

Kisha ulizeni ni nani atakayekuja kuweka kiraka hicho Jumamosi usiku. Wakala wa hapa mjini, au barua pepe ya ng'ambo? Someni pia maandishi madogo ya ile profoma ya nafuu, mara nyingi matunzo ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili msipolipia, kwa wauzaji wengi viraka vinakoma, na lango linabaki wazi huku taa yake ya kijani ikiendelea kuwaka.

Lakini nanyi wanunuzi mna dhambi yenu, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mei 2021 bomba kubwa la mafuta la Colonial Pipeline, linalotoka Texas hadi bandari ya New York, lilisimama kwa siku kadhaa. Magari yakapanga foleni vituoni, na kampuni ikawalipa wadukuzi dola milioni 4.4 hivi. Waliingilia wapi? Kwenye akaunti moja ya zamani ya VPN, isiyotumika tena, inayofunguka kwa nywila peke yake bila uthibitisho wa hatua ya pili.

Akaunti ya namna hiyo nimeiona kwa macho yangu. Niliitwa kukagua kampuni moja. Kifaa chao kilikuwa kwenye kichumba chini ya ngazi, kimejaa vumbi, na juu yake mtu ameegesha ndoo ya deki. Nikaomba orodha ya watumiaji. Wafanyakazi walikuwa 31, majina kwenye orodha 46. Miongoni mwao alikuwamo mhasibu aliyeondoka kwa ugomvi miezi minane nyuma, na safu ya mwisho ilionyesha ameingia Jumapili iliyopita, saa tisa usiku. Yeye, au mtu mwenye nywila yake. Meneja alikaa kwenye ngazi, hakusema neno.

Kwa hiyo muuzaji anayeuza hatua ya pili ya uthibitisho kama nyongeza, mwambieni aiingize kwenye bei au aondoke. Mkiambiwa habari za SSL VPN, ile inayotumia usimbaji wa aina ya tovuti za https, kumbukeni kwamba Norway mwaka 2024 ilizishauri taasisi zake ziachane nayo, na Fortinet wenyewe mwaka 2025 waliiondoa ile ya aina ya tunnel kwenye toleo 7.6.3 la mfumo wao. Msifunge mkataba wa miaka mitano juu ya kitu ambacho wenzenu wanakihama. Nasi wa Tanzania tusisahau kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka watumiaji wa VPN kuwasilisha taarifa zao pamoja na anwani ya IP. Mzabuni na aseme anwani hiyo mtaipataje.

Ahirisheni kikao, ndugu zangu. Zirudisheni bahasha zote tatu, zije tena na ile safu ya tarehe. Na leo, kabla hamjafunga ofisi, teremkeni kwenye kichumba chenu, iondoeni hiyo ndoo, chapisheni orodha ya watumiaji, muisome jina kwa jina, mwenye dawati na asiye na dawati. Anzeni na herufi A.