Kisa Kirefu, Somo Fupi

Kila anayetaka unyamaze ana methali moja mfukoni: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeambiwa na shangazi, nimeambiwa na mteja aliyekataa kunilipa, na wanasiasa hutuambia kila baada ya uchaguzi. Lakini hebu isome tena polepole. Kuganga ni kutibu. Sasa ni mganga gani, awe wa mitishamba au wa koti jeupe, anayekutibu bila kuuliza maumivu yalianza lini?

Chukua Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Wengi wa rika langu tunalijua jengo hilo kwa sababu moja tu: pasipoti. Unapanga foleni, unapigwa picha, unaanza kuota Qatar ama Canada. Chini ya foleni hiyo kuna vyumba ambamo, miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, polisi wa siri waliwafungia na kuwatesa Wakenya walioshukiwa kuipinga serikali ya Moi. Kuna waliowekwa kwenye vyumba vilivyojaa maji, gizani, siku baada ya siku, mpaka wakakiri walichotakiwa kukiri. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa, watu wakaviona kwa macho yao.

Sisemi kila anayefuata pasipoti ashuke kwanza chini akalie. Mtu ana safari yake. Na si lazima, kwa sababu kile kisa kilizaa kitu. Soma Katiba ya 2010. Kifungu cha 29 kinakataza mateso. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24. Miaka mingi ya giza, halafu sentensi chache unazoweza kuzisoma kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Hivyo ndivyo ninavyoelewa kujifunza: kisa ni kirefu, somo ni fupi. Ukishalipata somo na likaanza kufanya kazi, unaweza kukiweka kisa chini upumzike.

Hata kwenye maisha madogo ni hivyo. Niliacha chuo karo ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu. Kuna mteja mmoja aliyechukua kazi yangu ya miezi miwili akazima simu. Kwa muda mrefu nilikuwa yule aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka. Kila ujumbe kutoka kwa mteja mpya ulinipandisha presha, na marafiki walikijua kile kisa kwa moyo. Leo kimebaki maneno manne: nusu ya pesa kwanza. Sina haja tena ya kukisimulia.

Shida ni pale somo linapoandikwa halafu linakanyagwa. Baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Juni 2024, vijana walianza kutoweka. Wengine walibebwa na watu waliofunika nyuso, kwa magari yasiyotambulika, bila korti wala saa 24. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Ghafla watu wakaanza kuwauliza wazazi wao kuhusu Nyayo House. Na ghafla tena zikasikika sauti za kutuambia tusichimbe mambo ya zamani.

Ati tunaishi katika yaliyopita! Hakuna aliyeyafuata. Yalikuja yenyewe, yakabisha mlango usiku. Kile kisa tulikuwa tumekiweka chini kwa makubaliano, kwamba sheria itakibeba badala yetu. Sheria ikikiangusha, tuna haki ya kukiokota na kukisimulia upya, kirefu kama kilivyo, mpaka somo lirudi kazini.

Kwa hivyo mtu akiniambia niachane na yaliyopita, siku hizi sibishani naye haraka. Namuuliza swali moja: umeweka nini mahali pake? Kama ni mteja, anionyeshe malipo. Kama ni serikali, inionyeshe nani alishtakiwa. Jibu likiwepo, twende, maana nami nina mengi ya kufanya kesho. Lisipokuwepo, huyo haniombi nisahau. Ananiomba nafasi ya kurudia.