Unapopanda Lushoto, Panda na Swala Yako



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima ikaituliza ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, kipupwe kimeingia. Kuanzia Juni hadi Agosti vijana wetu wa Dar es Salaam, Tanga na Moshi hupanga safari za Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kwenda kula baridi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inakusanywa, gari linakodiwa, na Sabasaba au Nane Nane ikiangukia karibu na mwisho wa wiki, nyumba za wageni hujaa. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Kanada nao, baridi yao ikifika, hutoka na marafiki kwenda milimani kuteleza juu ya theluji. Yote hayo ni halali. Mtu kupumzika na wenzake, akaona ardhi ya Mola wake na akacheka cheko la halali, hakuna anayemkataza. Surat Quraysh, ambayo karibu kila mtoto wa madrasa anaijua kwa moyo, inazitaja safari za msimu wa baridi na za msimu wa joto, na palepale inaamrisha kuabudiwa Mola wa Nyumba ile tukufu. Safari na ibada zimekaa ndani ya sura moja yenye aya nne.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tunazitenganisha. Begi linapakiwa jaketi, soksi, kofia ya sufu na spika ya muziki, na swala inaachwa nyumbani kama ndoo ya maji isiyobebeka. Mtu aliyekuwa haikosi swala ya jamaa mtaani kwake anakaa siku tatu Lushoto bila kusujudu hata mara moja. Ukimuuliza anasema alikuwa safarini! Hali ya kuwa safari ndiyo iliyomletea nafuu.

Nafuu yenyewe ni hii. Katika madhehebu yetu ya Shafi, safari ikifikia marhala mbili, yaani kilomita 80 na kidogo, nawe hukutoka kwa ajili ya maasi, unaruhusiwa kuzipunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kutoka rakaa nne hadi mbili. Unaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 300, na anayetoka Tanga mjini naye anakivuka kiwango hicho. Anayepanda kutoka Mombo hana ruhusa hiyo, kwa sababu kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Ruhusa haikatiki mkishafika, maadamu hamkunuia kukaa siku nne kamili bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Na mkiingia msikitini Lushoto mkaswali nyuma ya imamu mwenyeji, mtakamilisha rakaa zote nne pamoja naye. Sasa mtu aliyepewa punguzo la nusu, akakusanyiwa swala mbili kwa wakati mmoja, kisha akaziacha zote, atasema nini mbele ya Mola wake?

Jambo la pili ni Ijumaa. Safari nyingi za mwisho wa wiki huanza siku hiyo. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamesema wazi kwamba aliyewajibikiwa na Ijumaa haruhusiwi kuondoka mjini kwake baada ya alfajiri kuingia, isipokuwa awe na uhakika kwamba ataidiriki njiani, au kubaki nyuma ya wenzake kutamletea madhara. Kwa hiyo mna njia mbili nyepesi. Mkiondoka asubuhi na mapema kupitia Segera, pangeni kabisa kuiswali Korogwe au Mombo, ambako misikiti ipo. La sivyo, swalini mtaani kwenu, mle, kisha muondoke. Kuipita Korogwe khutba ikisikika kwenye vipaza sauti nanyi mnaongeza sauti ya muziki ndani ya gari, hilo ni jambo zito sana.

Mkifika Mombo mnaiacha barabara kuu na joto la tambarare. Barabara inaanza kupanda, bonde linabaki upande mmoja na jabali upande mwingine, na kila kona inaleta kona nyingine mpaka Soni na maporomoko yake. Mombo iko kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo ndani ya kilomita chache mnainuliwa mita 1,000. Masikio yanaziba, vioo vinafunikwa na ukungu, na wengine hunyamaza kwa hofu ya korongo. Hapo ndipo pa kuikumbuka hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillah, Mungu amridhie, iliyomo katika Sahihi Bukhari. Anasimulia kwamba wao walipokuwa wakipanda walileta takbira, na walipokuwa wakiteremka walileta tasbihi. Sunna hiyo kama imewekewa barabara hii. Panda mpaka Soni na Allahu Akbar, na siku ya kurudi teremka na Subhanallah mpaka Mombo. Haimzuii dereva, haigharimu senti, na inaondoa hofu kifuani kuliko mzaha wowote.

Usiku ukiingia ndipo baridi inapojulikana. Julai, wakati Dar es Salaam usiku ni karibu nyuzi 20, Lushoto huweza kushuka hadi kwenye nyuzi 10 hivi, na juu kule kwenye msitu wa Magamba baridi ni kali zaidi ya hapo. Wageni wa pwani hawakuzoea. Wanaomba jiko la mkaa, wanaliingiza chumbani, wanafunga mlango na madirisha, wanalala. Ndugu zangu, hapa nawaomba mnisikilize kwa masikio mawili. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamshwi na kikohozi wala moshi. Usingizi unazidi kuwa mzito, na asubuhi mlango unavunjwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati tunapolala. Bukhari na Muslim wameipokea hadithi hiyo kutoka kwa Ibn Umar, na Abu Musa naye akapokea kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, Mtume akasema kuwa moto huu ni adui yetu, tuuzime tukilala. Amri hiyo ina zaidi ya miaka 1,400 na ingali inaokoa roho. Oteni moto nje mpaka mshibe, kisha muuzime, muingie ndani kwenye mablanketi. Kama mwenye nyumba hana blanketi la kutosha, mdai jingine, msikubali jiko.

Sasa tufike kwenye Alfajiri, kwa sababu safari nzima inapimwa hapo. Saa 11 na ushei. Adhana imetoka bondeni. Nje ni giza na ukungu, umande unadondoka kwenye bati, na bomba la uani ukilishika unahisi kama umeshika chuma kilichotolewa kwenye barafu. Vijana sita wamejikunja, kila mmoja amesikia adhana na kila mmoja anajifanya hakusikia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyelala hufungwa na shetani mafundo matatu kisogoni: la kwanza hufunguka kwa kumtaja Mungu, la pili kwa udhu, la tatu kwa swala. Akatufundisha pia, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuithibitisha Muslim, kwamba kuutimiza udhu sawasawa katika hali ya tabu ni miongoni mwa mambo ambayo Mungu hufutia madhambi na kuinulia daraja. Tabu yenyewe ni hiyo ya kukunja mikono ya jaketi hadi juu ya viwiko na kuyafikisha maji kwenye kisigino. Udhu wa mwezi wa Januari pale Tanga ni raha. Wa Lushoto mwezi wa Julai ndio wenye daraja hiyo.

Na bado Mungu hakututakia uzito. Kuchemsha maji si udhaifu wa imani. Muombeni mwenyeji usiku ule ule awawekee sufuria juu ya mafiga, na mlipe kuni zake. Mwenye viatu vya ngozi au buti zinazofunika vifundo vya miguu, akizivaa akiwa na udhu kamili, anaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa michana mitatu na usiku wake. Hiyo ndiyo khufu, na muda huo umepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib. Soksi nyepesi haziingii humo. Ndugu zetu wanaoteleza kwenye theluji ya Uswisi na Norwe wanavaa buti ngumu zinazopanda hadi kwenye muundi. Wakizivaa baada ya udhu, ruhusa ni yao pia, wala hawahitaji kuzivua kwenye theluji.

Aliyepatwa na janaba katika usiku wa baridi kali naye asiache swala kwa aibu. Amr bin al-Aas, Mungu amridhie, alipatwa na hali hiyo katika vita vya Dhatu Salasil, akaogopa kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimuuliza, na Amr akatoa hoja ya katazo la Qur'ani la mtu kujiua. Mtume akacheka, hakusema neno. Lakini hiyo ni kwa anayeogopa madhara na hana cha kuchemshia maji, na kwa madhehebu yetu swala hiyo ataikidhi baadaye. Mwenye sufuria na kuni hana udhuru. Kibla nacho si tatizo: kutoka Usambara Makka iko kaskazini, ukipinda mashariki kidogo tu.

Katika Alfajiri ya baridi kama hiyo ndipo utakapowajua marafiki zako. Umar bin Khattab, Mungu amridhie, aliposikia mtu akimsifu mwenzake alimuuliza kama ni jirani yake, kama amefanya naye biashara ya pesa, na kama amesafiri naye. Alipojibiwa hapana, akamwambia kuwa hamjui. Rafiki anayekutilia nyama sahanini kando ya moto ni mwema, lakini yule anayekutingisha bega saa 11 na ushei, ukamkasirikia, akarudi tena kukutingisha, huyo mshike. Qur'ani katika Surat Zukhruf imetueleza kwamba Siku ya Kiyama marafiki watakuwa maadui wao kwa wao isipokuwa wachamungu. Picha mlizopiga kwenye jabali la Irente mkiwa mmekumbatiana hazitamzuia mmoja wenu kumshitaki mwenzake kwamba ni yeye aliyemwambia lala, tutaswali tukirudi.

Kuhusu makundi ya wavulana na wasichana wasio maharimu wanaolala nyumba moja kwa jina la urafiki, sina maneno mengi. Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye na maharimu wake, na baridi haikubadilisha hukumu hiyo. Wazazi, ulizeni nani anakwenda na nani kabla ya kutoa nauli.

Nawakumbusha pia haki ya wenyeji. Ukisimama Irente unaiona Mazinde kule chini. Hapo ndipo katika karne ya 19 Semboja, mwana wa Kimweri mfalme wa Wasambaa, alipoweka makao yake kwenye njia ya misafara. Waislamu wa kwanza kukanyaga nchi ya Wasambaa walikuwa wasafiri na wafanyabiashara kutoka pwani, na leo misikiti imeenea kutoka Soni mpaka Mlalo na Mtae. Watu wa milima hii waliipokea dini kwa kutazama wageni wanavyoishi, na bado wanawatazama. Mama aliyetoka shambani na kabichi kichwani, akapanda kilima kwa miguu, usimkate bei mpaka akauza kwa hasara ili ukajisifu mjini. Usimpige picha bila idhini yake. Takataka zenu shukeni nazo, kwani kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani. Na ndani ya msitu wa Magamba msiwashe moto.

Enyi vijana mnaojiandaa kuondoka wiki hii, Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba watu watatu wakitoka safari wamchague mmoja wao kuwa amiri. Mchagueni kabla gari halijawashwa, na mchagueni anayejua nyakati za swala, asiwe yule mwenye pesa nyingi. Na kama yumo kati yenu asiyejua kupunguza swala au kupaka juu ya khufu, mfundisheni kwa upole njiani, ajue kabla hamjafika Segera.

Wabillahi tawfiiq.