Maua ya Mwisho wa Masika

Mwezi wa Mei ufikapo hapa Dilala mvua zimekwisha, na bustani iliyo mbele ya nyumba yaanza kuonyesha mifupa yake. Zinia zimebaki tatu au nne, na majani yake yamepata ule unga mweupe wa ukungu. Dalia zimeinamisha vichwa. Ndipo mama wa nyumba achukuapo kisu, apate kitu cha kuweka mezani au mbele ya sanamu ya Bikira Maria, maana Mei ni mwezi wake. Sisi twauliza: je, ana haki ya kuyakata?

Wengine watacheka. Ua ni ua tu, watasema. Lakini zinia si mti wa kudumu. Hufa kila mwaka, na hurudi kwa njia ya mbegu peke yake. Katikati ya masika kukata hakudhuru. Tena kwafaa, kwa sababu mmea wataka kuzaa mbegu, nawe umeuzuia, basi huchipua matawi mengine na kujaribu tena. Mwishoni mwa masika hauna tena nguvu hiyo. Ua unalolikata Mei ndilo mbegu ya Novemba. Akataye yote atakwenda kuomba mbegu kwa jirani, na jirani naye kama amefanya vivyo hivyo, mtaa mzima utakaa bila zinia.

Kwa hiyo kabla ya kushika kisu yafaa kuchagua la kuachwa. Na liwe lile lililo zuri kuliko yote, lifungwe uzi, watoto waambiwe wasiliguse. Hapo ndipo moyo huuma, kwa kuwa lile lile ndilo tulilolitamani. Kuacha lililokwisha kuliwa na wadudu ni rahisi, lakini mwaka ujao tutavuna kadiri ya tulichoacha.

Kuna neno jingine lililo zito zaidi. Yafaaje kumpa ua nafasi na maji, wakati jirani hana mboga ya kulia bukari? Swali la namna hii liliulizwa zamani kule Bethania, juu ya marhamu ya dinari 300, na aliyeuliza hakuwa na nia njema. Hata hivyo hatupendi kulitupa kwa sababu tu ya ubaya wa muulizaji wa kwanza. Hapa Kolwezi ardhi ya kiwanja si jambo la mchezo. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu mmoja alichimba nyumbani kwake akakuta madini ya kobalti. Haukupita muda mrefu majirani wakawa wanachimba viwanjani mwao, na wengine hata chini ya sakafu za vyumba walimolala. Mahali kama hapo, mtu mwenye kupanda maua aonekana kama mjinga.

Sisi twaona hivi. Wakati wa mvua, mstari mmoja wa maua kando ya ukuta haumnyimi mtu chakula, maana maji yatoka mbinguni. Lakini kiangazi, wakati watoto wabebapo madumu ya maji kichwani, maji yaende kwenye lengalenga, na maua yaachwe yafe. Si dhambi kuacha ua life. Na ndiyo sababu maua haya ya mwisho twayapenda: hayakumgharimu mtu hata kopo moja la maji.

Kalenda nayo ina mzaha wake. Maua hujaa bustanini Februari na Machi, na mara nyingi ndio wakati wa Kwaresima, Kanisa linapokataza kupamba altare kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Hata Pasaka ikishafika, na baadaye Ekaristi Takatifu, bustani imechoka. Hapo wengi hukimbilia maua ya plastiki. Hatuwalaumu sana, lakini ua la plastiki hukaa pale miaka mitatu likishika vumbi, na hakuna anayelitazama tena. Ua litakalokufa Jumatano hutazamwa Jumapili.

Basi yakiwa machache yapangweje? Yakatwe asubuhi na mapema, kwa kisu kikali, shina likatwe mshazari. Majani yote yatakayozama majini yaondolewe, maana ndiyo yaozayo kwanza na kuyatia maji uvundo. Dalia ichukuliwe ikiwa imefunguka kabisa. Ikikatwa changa haifunguki tena. Zinia ishikwe chini kidogo ya ua na kutikiswa: shina likiyumba bado haijawa tayari. Sukari kidogo na matone ya limau husaidia, na kubadili maji kila siku husaidia zaidi. Kopo la maziwa ya unga latosha kuwa chombo. Maua matatu yasisongwe pamoja ili yaonekane mengi. Yaachiwe nafasi, na katikati yake tutie masuke ya nyasi kavu, ambayo wakati huo yamegeuka rangi ya dhahabu porini, wala hayana mwenyewe.

Lakini porini tusichukue kila kitu. Juu ya vilima vya shaba vya Katanga huota mimea isiyoonekana penginepo duniani, kama ile iitwayo Crotalaria cobalticola yenye maua ya manjano, ipendayo udongo wenye kobalti. Kila kilima kichimbwapo hupungua. Hiyo tuiache mahali pake, hata kama kopo letu litabaki na nyasi tupu.

Maua yakisha kunyauka, maji ya kopo yamwagwe kwenye lengalenga, mashina yatupwe kwenye shimo la mbolea. Na lile lenye uzi litazamwe kila siku mbili tatu: likikauka kabisa likawa kahawia, livunjwe kabla ndege hawajalifikia, mbegu zianikwe kivulini, zifungwe katika karatasi na kuandikwa jina.