Kwao ni Wapi?



Sisi tuliovuka mpaka tumezoea kusema, "Heri Mganda, yeye yuko kwao." Nasi tulisema hivyo mpaka tulipokwenda Jinja na Mbale kutembelea waamini. Kule Masese na kule Namatala tulikuta watu walio ndani ya nchi yao na bado hawana kwao.

Wengine walikimbia vita vya LRA huko Acholi, na huko Teso vilipoingia mwaka 2003. Wengine walitoka Karamoja kwa njaa na wizi wa ng'ombe. Aliyeingia kambini aliandikwa, akapewa chakula. Aliyekimbilia mjini akapanga chumba, mara nyingi alihesabiwa kuwa mtafuta kazi tu. Sisi tuna kadi, hata kama mgao umepungua. Yeye ana kodi ya nyumba.

Je, suluhisho la kudumu kwa mtu huyu ni lipi?

Wengi hujibu, "Arudi kwao." Lakini mtoto aliyefika Jinja mgongoni mwa mama yake, leo ni mtu mzima, anasema Kisoga. Shamba la marehemu baba yake linalimwa na wengine. Kwao ni wapi?

Wengine hujibu, "Wahamishwe." Machi 2010 mlima ulipoporomoka Bududa na kufunika watu wa Nametsi, waliopona wengi walipelekwa Kiryandongo, wakapewa ardhi. Hata hivyo wako waliorudi mlimani. Ardhi peke yake haikuwatosha.

Wengine hujibu, "Wakae mjini." Hata hilo si jepesi. Tangu Julai 2020 Jinja na Mbale ni majiji. Jiji likikua, bei ya kiwanja hupanda, na mpangaji husukumwa bondeni. Mwisho wa Julai 2022 mito ilifurika Mbale ikaua watu. Aliyekimbia bunduki atakimbia na maji?

Sera ya Serikali ya 2004 inazitambua njia zote tatu: kurudi, kubaki, au kuhamia pengine, kila mtu kwa hiari yake. Hapo ndipo penye kiini. Suluhisho halianzi na mahali. Linaanza na mtu kuulizwa, na kupewa nguvu ya kusimama pale alipochagua.

Soma Yeremia 29. Nabii aliwaambia wahamishwa wajenge, wapande, wauombee mji amani. Barua ileile iliwaahidi kurudi. Basi anayejenga mjini hajasaliti kijiji chake, na anayetamani kijiji hajaudharau mji.

Ndugu, tukikutana na watu hawa, tusiwaulize, "Mtarudi lini?" Tuwaulize, "Mnataka nini?" Kisha tuwasindikize kwa mwenyekiti wa LC wakaandikwe, na mtoto wao akaingie shule. Nasi pia tunangoja siku ya kuulizwa hivyo.

Mungu wa amani awe nanyi. Amina.