Nauli ya Mtetezi

Tunayo desturi ya kumshuku mtu anayelipwa kwa kutenda wema. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye desturi hiyo. Niliamini kwamba anayemtetea mtoto wa mwenzake, kisha mwisho wa mwezi akapokea mshahara, ni mfanyabiashara tu, na mtoto ndiye bidhaa yake.

Baada ya kustaafu nilialikwa kwenye semina ya siku tatu ya kuwajengea uwezo wadau wa haki za mtoto. Tulipewa mikoba, fulana, chai na vitafunio, na siku ya mwisho tukasaini karatasi ya posho. Nilisaini nikapokea, wala sikuuliza fedha ile ingeweza kufanya kazi gani nyingine. Mwalimu mstaafu haulizi mambo kama hayo mbele ya bahasha.

Haikupita miezi mitatu, mama mmoja wa mtaani kwetu akaja kwangu usiku. Mumewe alikwisha pokea mahari ya binti yao, naye yuko darasa la saba. Asubuhi nikampeleka katika ofisi ya shirika lile lile lililotualika. Tulimkuta kijana mmoja peke yake. Alitusikiliza kwa adabu, akaandika kila neno, halafu akainamisha kichwa. Fungu la fedha lililobaki lilikuwa la mafunzo tu. Nauli ya kwenda wilayani kumwona ofisa ustawi wa jamii haikuwamo. Yeye mwenyewe alikuwa hajalipwa miezi miwili. Nauli ile aliitoa mfukoni mwake, akaongozana na yule mama. Binti hakuolewa. Nami niliona haya, kwa maana posho yangu ingelipa safari ile mara kadhaa.

Tangu siku hiyo najiuliza: uwezo tuliojengewa sisi ulikuwa uwezo wa kufanya nini? Mfadhili huhesabu waliohudhuria kwa sababu wanahesabika. Majina yao yamo katika karatasi. Mtoto hasaini popote. Wala hawezi kumwachisha kazi mtetezi mzembe, kama anavyoweza mteja kumwacha wakili wake. Kwa hiyo mtetezi hujikuta akimwogopa yule anayeweza kumnyima, naye si mtoto.

Wapo watakaosema, basi watetezi wajitolee. Na waangalie shauri la Rebeca Gyumi juu ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitoa hukumu Julai 2016 kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali Oktoba 2019. Mwaka mwingine ukapita bila sheria kurekebishwa. Nani atajitolea muda wote huo, huku watoto wake mwenyewe wakidai daftari? Kazi ya namna hiyo inamtaka mtu anayebaki, anayejua jalada liko wapi na kodi ya chumba linamolala imelipwa. Huo ndio uwezo ninaouelewa mimi.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi tuliwalaumu Wamarekani. Sawa, lakini kabatini kwangu nina kadi za michango ya harusi zisizopungua kumi za mwaka mmoja, na zote nilichangia. Kuna niliyoilipa kwa kukopa. Kadi ya kuchangia kodi ya ofisi ya watetezi wa watoto sijapata kuiona, na kweli ni kwamba hata mimi sijaiandika.

Yule kijana aliacha kazi mwaka uliofuata, akafungua duka la vifaa vya simu. Nilipokwenda kumsalimu aliniuliza kama nimesikia nani alichukua yale majalada. Ofisi ilikwisha pangishwa kwa kinyozi.